Huku wanasoma karatasi, nyumbani tunasikiliza injini

Mjomba wangu ni fundi magari Tanzania. Kazi hiyo ameifanya kwa zaidi ya miaka thelathini, na hajawahi kununua gari bila kulisikiliza kwanza. Mimi naishi Uingereza, na huku nimefundishwa kununua gari kwa kulisoma. Tangu nilipoanza kutafuta gari dogo la spoti la mtumba, la kuendesha Jumapili kwa raha zangu tu, tumebishana kwa simu mpaka mkewe akawa akiliona jina langu kwenye kioo anasema, "Haya, mwenye gari anakuita."

Kwanza nikiri kosa. Gari langu la kwanza la "raha" nililinunua kwa akili niliyotoka nayo nyumbani. Kwetu gari huulizwa swali moja: lina CC ngapi? Likiwa na nyingi, mwenyewe anaheshimika hata kama amelipaki wiki nzima kwa kukosa mafuta. Basi na mimi, nilipopata visenti vyangu, nikanunua kitu cha silinda sita chenye nguvu za farasi zaidi ya 300. Silitaji jina, wenye nalo wana hasira.

Nilikaa nalo miezi minane na sikuwahi kulimaliza. Gia ya pili ikiisha umeshafika maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97, na hicho ndicho kikomo cha barabara za kawaida za huku, zile za njia moja kila upande. Ukiingiza ya tatu, hata hujaikanyaga sawasawa, umeshaipita 70 ya barabara kuu. Gia zilizobaki ni mapambo. Halafu gari zito, matairi mapana, kila kitu kimekazwa: kona niliyoipita kwa 30 na kona niliyoipita kwa 50 nilizihisi sawasawa. Lile gari lilikuwa kama mtu mwenye nguvu anayekusubiri umalize kuongea ili aondoke. Nililiuza kwa hasara, na nafsi yangu ikatulia.

Ndipo jamaa mmoja kazini akanirushia funguo za Mazda MX-5 yake. Gari la viti viwili, paa la turubai, injini ya lita 1.8, na uzito wa tani moja na kidogo. Nilicheka. Nguvu zake hazikufika nusu ya lile langu. Baada ya kona tatu nilikuwa nimenyamaza. Ukigeuza usukani kidole kimoja, pua inageuka kidole kimoja. Ukiachia mafuta katikati ya kona, unahisi uzito ukisogea mbele, na makalio yanakuambia jambo kabla macho hayajaona. Kipini cha gia ni kifupi, kinaingia kwa kifundo cha mkono tu, na unaweza kuisukuma injini mpaka inalia, gia baada ya gia, na bado uko ndani ya sheria.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipozaliwa, na nitautetea mbele ya yeyote: mtu mwenye bajeti ya kati anayetaka gari la kufurahisha asiulize farasi wangapi. Aulize lina kilo ngapi, lina gia za mkono au hapana, na linasukumwa na matairi gani. Raha ya kuendesha inatoka kwenye kutumia gari lote, na gari unaloweza kulitumia lote barabarani bila kufungwa ni gari lenye nguvu kiasi. Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo. Toyota na Subaru walipotoa GT86 na BRZ mwaka 2012, gari la farasi 200 tu, walilivalisha matairi membamba ya aina ileile iliyokuwa ikifungwa kwenye Prius, gari la kuokoa mafuta. Watu wakadhani ni ubahili. Haukuwa ubahili: walitaka gari lianze kuteleza na kucheza mapema, kwa mwendo ambao binadamu wa kawaida anaweza kuumudu.

Mazda nao walianza hadithi hii ya MX-5 mwaka 1989, wakati gari dogo la wazi la viti viwili lilikuwa limekaribia kusahaulika. Ya kwanza ilikuwa na taa zinazoinuka kama macho ya chura na injini ya 1.6 yenye farasi mia na kitu. Kufikia 2016 walikuwa wametengeneza milioni moja. Kwa mnunuzi wa mtumba idadi hiyo ina maana kubwa kuliko sifa zote, maana spea zipo, mafundi wanaijua, na magonjwa yake yote yameshaandikwa.

Lakini kujua modeli ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kumpata mmoja mzima katikati ya wagonjwa mia, na hapo ndipo huku na nyumbani tunapoachana njia.

Uingereza kila gari likishafikisha umri wa miaka mitatu (Ireland ya Kaskazini ni minne) linapimwa kila mwaka. Kipimo kinaitwa MOT. Breki, taa, matairi, moshi, kutu, vyote vinakaguliwa, na matokeo yanawekwa kwenye intaneti. Ukiwa na namba ya gari tu, umesimama pale barabarani na mwenye gari anakutazama, unaweza kufungua simu na kusoma bure: lilishindwa lini, kwa sababu gani, lilikuwa limetembea maili ngapi kila mwaka, na mpimaji alitoa angalizo gani. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa nilikaribia kutoa machozi. Nilikumbuka magari ya nyumbani ambayo kilomita zake zinarudi nyuma kadiri yanavyozeeka, kama vile yanaelekea kuzaliwa upya.

Mjomba nilipomwelezea hakushtuka. "Karatasi haiendeshwi," akasema.

Nilidhani ni ukaidi wa wazee, mpaka siku nilipokwenda kuangalia Toyota MR2, ile ya mwisho iliyotoka kati ya 1999 na 2007. Gari tamu sana kwa pesa yake: chini ya tani moja, injini ya 1.8 iliyowekwa nyuma ya viti, kwa hiyo linageuka kama limepigiwa msumari katikati. Karatasi zake zilikuwa safi. Nikampigia mjomba kwa video ili aone.

"Injini iko wapi?"

"Nyuma ya viti, mjomba."

"Kama ya basi?"

"Si nyuma kabisa. Iko katikati."

"Basi ni basi tu hilo. Haya, shika huo mfuniko wa injini. Wa moto?"

Nikaugusa. Wa moto.

"Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Sasa nani kaliwasha?"

Muuzaji akasema alilisogeza kidogo ili mkewe atoe gari lake. Mjomba, ambaye Kiingereza chake ni cha kwenye vitabu vya injini tu, alimwelewa vizuri kabisa. "Kusogeza kidogo hakuchemshi injini. Mwambie alizime, utarudi baada ya masaa matatu."

Sababu yake ni hii. Injini iliyolala usiku kucha na kupoa haiwezi kuficha kitu unapoiwasha. Ringi za pistoni zilizochoka au mipira ya valvu iliyokauka vinatoa moshi wa bluu sekunde za mwanzo. Cheni iliyolegea inagonga. Ikishapata moto, oili imepanda kila mahali, vyuma vimetanuka vikakaa sawa, na kila kitu kinanyamaza. Kwa MR2 ile jambo hilo ni zito zaidi, kwa sababu za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa ulaji wa oili: zikianza, vichujio vidogo vya moshi vilivyo karibu kabisa na injini vinaweza kuvunjika, na unga wake ukarudi ndani ya silinda kusaga kilichobaki. Anayewasha gari kabla mnunuzi hajafika ama hajui anachokifanya ama anajua sana.

Nilipotuma ujumbe kwamba narudi jioni, nikajibiwa limeshauzwa. Aliyelinunua Mungu amjalie.

Kwa hiyo sikio likapata bao la kwanza. Nilinyamaza wiki mbili hivi. Kisha nikapata MX-5 moja nyekundu, injini baridi, imelala nje usiku kucha, imewaka kwa mguso mmoja na kutulia. Nikaweka simu juu ya injini. Mjomba akasikiliza kama daktari, akaniambia nikanyage mafuta kidogo, niachie, nikanyage tena. "Inapumua. Lipa uondoke."

Sikulipa. Nilikuwa nimeisoma. Miaka mitatu mfululizo mpimaji alikuwa ametoa angalizo la kutu upande wa chini wa bodi, pale chini ya mlango kuelekea tairi la nyuma. Mwaka wa nne angalizo limetoweka, wala muuzaji hakuniambia kwamba mtu amechomelea. Sasa, kutu haiponi. Ama chuma kibovu kimekatwa na kuwekwa kipya, na hapo mwenye gari atakuonyesha risiti kwa majivuno, ama mtu amepaka dawa nyeusi juu yake. Nilipiga goti nikaona dawa nyeusi, mbichi, inang'aa kama kiatu cha mwanafunzi siku ya kufungua shule.

Nikafungua mlango, nikavuta zulia nyuma ya kiti cha dereva na kulibonyeza kwa vidole. Maji yakatoka. Gari hili lina mifereji miwili midogo inayopokea maji ya mvua kutoka kwenye paa la turubai na kuyatoa chini. Majani yakiziba mifereji hiyo, maji yanamwagikia ndani, yanakaa kwenye uwazi wa chuma chini ya mlango, na gari linaoza kutoka ndani kuja nje. Ukiiona kutu kwa nje, ndani kumekwisha. Kijiwaya chembamba cha kuzibulia mifereji hiyo mara mbili kwa mwaka kingetosha kuliokoa.

Mjomba nilipompelekea picha ya vidole vyangu vimelowa alikaa kimya, kisha akaandika, "Chumvi yenu ya barabarani hiyo." Hakukosea. Huku wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inakula vyuma vya chini polepole mwaka hadi mwaka. Nyumbani gari linakufa kwa mashimo, vumbi na mafuta yaliyochakachuliwa: shokapu, bushi, kichujio cha hewa, nozeli. Bodi inabaki, hasa bara, mbali na upepo wa bahari. Ndiyo maana sikio la mjomba limezoea vyuma vinavyogonga, na halijazoea vyuma vinavyooza kimyakimya. Na ndiyo maana fundi wa huku niliyemlipa kwa saa alichomeka kompyuta, akasoma kwamba hakuna kosa, na hakuwa ameusikia mlio wa beringi ya gurudumu ambao mjomba aliusikia kwa simu kutoka bara jingine.

Kati ya majina mengine niliyoyapitia, machache yanastahili neno. Mazda RX-8 itakushawishi kwa bei, na ukiiendesha utaelewa kwa nini watu wanairudia: injini yake haina pistoni, inazunguka tu, laini kama cherehani, na uwiano wa gari ni mzuri mno. Lakini inakunywa oili kwa asili yake, haitaki kuzimwa ikiwa bado baridi, na mgandamizo wake lazima upimwe kwa kifaa chake maalum kabla hujatoa hata senti. Asiyetaka kuongeza oili kila anapojaza mafuta aiache. Honda S2000, iliyotoka 1999 hadi 2009, injini yake ya lita 2.0 inafika karibu mizunguko 9,000 kwa dakika. Kelele yake nikiisikia nasimama. Imeshapanda thamani, si gari la bajeti ya kati tena. Porsche Boxster ya kwanza, ya 1996 hadi 2004, unaweza kuipata kwa bei ya kibinadamu, ila spea zake bado zinajua jina la baba yao, na beringi moja iliyo ndani ya injini ikivunjika unaweza kupoteza injini nzima. Suzuki Swift Sport haina sifa ya kupigiwa picha, inasukumwa na matairi ya mbele, ina viti vya nyuma na buti la kubebea mizigo. Mwenye familia na gari moja tu, aanzie hapo wala asione haya.

Kuna kitu kingine ambacho nyumbani hatukizingatii na huku ndicho kinachoamua: bima. Kwetu mtu ananunua gari kwanza, kisha anakwenda kukata bima ndogo. Huku ukifanya hivyo utalia. Kijana mwenye leseni mpya anaweza kutajiwa bima ya mwaka inayozidi bei ya gari lenyewe. Rimu kubwa, bomba la moshi la makelele, usukani wa mbio, kila badiliko lazima ulitaje, usipolitaja wanaweza kukukatalia malipo siku ya ajali. Nilijifunza kuuliza bima kwanza, hata kabla ya kwenda kuliona gari. Iliniokolea safari nyingi.

Hatimaye nililinunua la tatu, MX-5 ya 2004, rangi ya fedha, mmiliki mama mtu mzima mwenye daftari. Kila oili iliyobadilishwa ameiandika kwa mkono. Kilichonishawishi hata hivyo hakikuwa daftari: matairi yote manne yalikuwa ya aina moja, ya kampuni nzuri, yamelika sawasawa. Mtu anayefunga matairi manne ya majina manne, mawili yake hayajawahi kusikika popote, ndivyo alivyofanya na oili, ndivyo alivyofanya na breki. Mjomba alisikiliza, mimi nikasoma, zulia likawa kavu. Sehemu ya tano ya bajeti nilikuwa nimeitenga tangu mwanzo kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, na nusu yake ilikwenda kwenye bushi, breki na kuchomelea kipande kidogo ambacho mama yule alinionyesha mwenyewe kwa kidole.

Watu wa nyumbani wanaoniona nalo kwenye picha huuliza swali moja: utakuja nalo? Usukani uko kulia, kama kwetu, kwa hiyo upande huo hakuna shida. Lakini gari hili kimo chake kutoka chini hakifiki nusu futi. Kwa matuta yetu, yale yanayojengwa kama kaburi la jitu, litakaa juu ya tumbo lake kama kobe aliyewekwa juu ya kigogo. Tanzania inatoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu, na Kenya gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia. Zaidi ya hayo, nani atanitafutia paa la turubai likichanika, na jua lile?

Ndiyo maana ninapoulizwa na mtu aliye nyumbani, simwambii atafute MX-5. Namwambia aitazame upya Toyota Altezza. Tumeizoea mpaka tumeidharau, tumeigeuza gari la vijana la kuwekea muziki. Ilitoka Japani mwaka 1998, ikasimamiwa na Nobuaki Katayama wa Toyota, na ikachaguliwa kuwa gari la mwaka huko Japani. Inasukumwa na matairi ya nyuma, uzito umegawanywa vizuri, na ile ya RS200 ina injini ya 3S-GE yenye farasi 210 na gia sita za mkono. Huku iliuzwa kwa jina la Lexus IS200 ikiwa na silinda sita na farasi 155, na waliokuwa nayo wanaizungumzia kwa heshima. Ina milango minne, inabeba mama na mizigo yake, shokapu na bushi zake fundi yeyote anazijua, na kimo chake kinavumilia tuta ukilipanda kwa adabu. Shida ni kwamba nyingi zilizofika kwetu ni otomatiki, na zenye gia za mkono zimeteswa. Unatafuta moja katikati ya mia, kama huku.

Mjomba kanisikia nikiisifu mara nyingi, na nadhani amechoka. Juzi usiku alinitumia sauti ya sekunde arobaini bila maelezo. Injini ya silinda nne, imewashwa, inanguruma, inapandishwa, inashuka. Chini yake akaandika: "RS200. Gia sita. Mwenyewe anasafiri, anaiuza haraka."

Niliisikiliza mara tatu nikiwa na spika za masikioni. Ilikuwa nzuri mno. Ilitulia haraka mno, haikukohoa, haikupanda wala kushuka kama injini iliyoamka sasa hivi. Nikamwandikia kwamba nataka picha ya kadi, karatasi ya mnada wa Japani kama ipo nione kama ina herufi R, ile ya gari lililowahi kugongwa na kurekebishwa, na picha ya matairi yote manne kwa karibu. Kisha nikaongeza: "Mjomba, ulipofika, boneti lilikuwa la moto?"

Alama mbili zimeshakuwa za bluu. Bado hajajibu.